Ilikuwa mbolea, siyo hiyo mnayosema

Jamani kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya kucheka, ile stori aliyoirusha mshkaji wangu kwenye status kwamba nimemmwagia baba mwenye nyumba mavi siku ya Ijumaa ni uongo. Ilikuwa mbolea. Mavi ya kuku ukishayaloweka kwenye ndoo ukayachuja na kitambaa hiyo ni mbolea, waulizeni wakulima.

Mnaonifuata humu mnajua nimeshikwa na huu ugonjwa wa Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu iwashe na kuzima vitu. Orijino sina ubavu nayo, nikachukua kloni ya Mchina pale Kariakoo, ile yenye chipu ya USB ya CH340 ambayo kompyuta nyingine zinaikana mpaka uitafutie draiva (programu ya kuitambulisha), na nimeweka draiva bado inaikana, kumbe waya niliookota kwenye droo ni wa kuchajia tu, nyaya za data hazimo ndani. (Msicheke, kaangalieni na wa kwenu.) Pampu dukani nikaona ghali, nikashuka mtaa wa Gerezani kwenye spea za magari nikapata ile ya kurushia maji kioo cha gari, yuzdi, volti 12, betri nikaazima kwa dogo wa bodaboda ambaye pikipiki yake iko gereji. Rilei moja (swichi ambayo bodi inaiwasha na kuizima yenyewe), sensa ya unyevu wa udongo, pampu inavuta ile mbolea ya kwenye ndoo, basi. Lengo mchicha wa mama mwenye nyumba ujimwagilie wenyewe, na habari za kodi zipoe kidogo, mnanielewa.

Mzee huyo anatoka, kanzu nyeupe pee, pasi imepita mpaka kwenye kola, anaelekea msikitini. Sijui nani alinituma. "Shikamoo mzee, hebu njoo mara moja uone teknolojia." Marahaba, akaja. Mshkaji kakaa kwenye ngazi na simu yake. Nikachomeka laptop. Rilei ikalia tik, halafu kimya. Udongo mkavu, sensa inasoma elfu na kitu (mwisho wake 1023, udongo ukikauka namba inapanda), kwa hesabu zangu pampu ilitakiwa iwe inaunguruma, wapi. Mzee akainama kuangalia mpira wa kumwagilia. "Mwanangu, mbona pakavu?" Akachukua kopo la maji lililokuwa pembeni, kwa huruma zake, akaumwagilia mchicha mwenyewe.

Hapa twende taratibu. Maji yanazama. Namba kwenye skrini zinashuka, 900, 600, 400, na mimi nafurahi kabisa, "umeona mzee, inasoma!" Tik. Sasa rilei nyingi za bei chee zinafanya kazi kinyume, ukiipa LOW (volti ya chini) inawaka, ukiipa HIGH (volti ya juu) inazima, na mimi nimeandika udongo ukilowa toa LOW. Yaani chombo changu kinamwagilia kilicholowa, na kikizidi kulowa ndo kabisa hakikomi. Mpira sikuufunga. Ukainuka kama swila, ukamtazama mzee, ukamtemea kifuani.

Nikavamia kitufe cha reset. Pampu ikanyamaza. Mzee kafumba macho, anatoa leso polepole, anafuta jicho la kulia, anahamia la kushoto, mimi nimeshafungua mdomo niombe radhi. Kumbe reset inakupa sekunde moja mbili tu bodi iamke, halafu programu inaanza upya, inapima udongo, umelowa, LOW. Tik. Safari hii ya usoni, leso ikiwa bado mkononi. Nikabonyeza tena. (Ndiyo, tena, nyie mngefanyaje?) Ikanyamaza, mzee akageuka aondoke, tik, mgongo nao ukapata haki yake. Waya wa laptop ulikuwa pembeni ya goti langu muda wote huo, akili ya kuuchomoa haikuja mpaka mshkaji alipopiga kelele "chomoaaa!" huku anarekodi.

Mengine mafupi. Mzee hakusema neno, akaingia ndani, akatoka na kanzu ya zamani, akaenda kuswali. Mama mwenye nyumba akaniletea ile nyeupe kwenye beseni na mche wa sabuni juu yake. Nimefua. HIGH na LOW nimezibadilishana, mpira nimeufunga kwenye kigingi. Jioni nimejifungia chumbani nasikia hodi, nafungua, mzee, shikamoo yenyewe ikanikwama. Akachungulia nyuma kwanza, akapunguza sauti mkewe asisikie, akaniuliza kile kidude naweza kumtegea mbuzi wa jirani.