Likizo Pekee Haimrudishii Nesi Moyo wa Kazi

Tukizungumzia wahudumu wa afya waliochoka, huku Nyanda za Juu Kusini tunagawanyika. Wakubwa wetu kazini wanasema uuguzi ni wito: chukua likizo, pumzika, utarudi na moyo mpya. Vijana wanajibu kwamba wito haumgeuzi nesi mmoja kuwa watatu usiku.

Mimi ni nesi, na nilikuwa upande wa wakubwa. Likizo iliyopita nilikaa nyumbani Tukuyu siku 28. Nililala, nikapalilia migomba ya mama, nikarudi Mbeya mwili mwepesi. Wiki ya kwanza haijaisha, nikawa nakabidhi zamu saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa, na mama mmoja nikamwita "kitanda namba sita". Jina lake sikulijua, na sikujali kulijua. Hilo ndilo lililonitisha.

Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchovu huu kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na linaupa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona unachofanya hakizai kitu. Likizo inatibu ile ya kwanza. Nyingine mbili nilizikuta wodini zikinisubiri.

Kwa hiyo vijana wana haki. Serikali iajiri, kumwambia nesi mwenye wagonjwa arobaini ajitafutie ari mwenyewe ni kumtwisha mzigo mwingine.

Ila hata idadi haimalizi habari. Manesi wa zamani niliofanya nao kazi, waliotokea Iringa na Njombe ambako UKIMWI umeumiza familia nyingi mno, wanakumbuka wodi za kabla ya 2004, mwaka ambao Serikali ilianza kutoa ARV bure. Wanachosimulia kwanza si wingi wa kazi. Ni kumwosha mtu, kumlisha uji, huku ukijua hatatoka. Dawa zilipofika, foleni za kliniki zilirefuka, na bado wanasema hapo ndipo moyo uliporudi, kwa sababu watu walianza kuondoka kwa miguu yao.

Nasi siku hizi watu wanapona, ila hatuwaoni wakipona. Mama analetwa kwa rufaa na kifafa cha mimba, unahangaika naye usiku kucha, asubuhi anahamishiwa wodi nyingine. Basi. Mmoja alinishika mkono sokoni Mwanjelwa, mtoto mgongoni: "Sista, hunikumbuki?" Sikumkumbuka. Akanifungulia kanga nimwone mtoto, shavu limejaa, analala.

Tangu siku hiyo, nyuma ya daftari langu naandika jina la kila anayehamishwa zamu yangu. Nikiingia zamu inayofuata, kabla sijavaa aproni, napita kule walikopelekwa nawauliza wenzangu: yule mama wa Igurusi, ameamkaje?