Kuzungumzia utoaji mimba na mnayepingana naye si kuuza msimamo

Watu wawili wenye misimamo inayopingana kuhusu utoaji mimba wakikubali kuketi na kuzungumza, lawama za kwanza hazitoki upande wa pili. Hutoka kwa wenzao. Anayeamini kwamba kutoa mimba ni kuua huulizwa tangu lini uhai wa mtu ukajadiliwa kwa upole. Anayeamini kwamba uamuzi ni wa mwenye mimba huulizwa ni nani aliyempa ruhusa ya kuuanika mwili wa mwanamke uchambuliwe.

Lawama hizo si za kupuuzwa. Wanaokataa mazungumzo wana hoja tatu. Kwanza, maumivu hayalingani: mmoja anajadili kanuni, mwingine huenda anajadili kilichompata. Pili, kuketi na mtu kunaweza kuonekana kama kukiri kwamba msimamo wake unavumilika, na kwa mtu anayeona hapa kuna mauaji, au anayeona hapa kuna mwanamke anayelazimishwa kuzaa, huko ni kukiri kukubwa. Tatu, wengi hujiita wasikilizaji huku wakitafuta upenyo wa kupiga.

Ya kwanza ndiyo nzito zaidi, na takwimu zinaiunga mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mimba milioni 73 hivi hutolewa kila mwaka duniani, yaani mimba 3 katika kila 10. Takwimu hii husemwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo inafaa kuifafanua kidogo. Mimba 3 katika 10 si wanawake 3 katika 10. Mwanamke mmoja hubeba mimba kadhaa maishani, na kila moja ikawa na mwisho wake. Aidha ni makadirio, kwa sababu utoaji mwingi haurekodiwi popote, hasa pale unapofanyika kwa siri. Pamoja na hayo, inatosha kutuambia jambo moja: katika kikao chochote cha watu wazima kumi au ishirini, ni salama kudhani kwamba yupo aliyepitia hili, au aliyemsindikiza dada, mke au binti aliyelipitia, na kwamba hatasema. Anasikiliza tu, akipima kila neno.

Takwimu hiyohiyo hugeuzwa rungu na pande zote mbili. Anayepinga anaiona milioni 73 kama idadi ya waliokufa. Anayetetea anaisoma pamoja na nyingine ya shirika hilohilo, kwamba karibu asilimia 45 ya utoaji huo si salama, na anachokiona ni wanawake wanaovuja damu, wanaopata maambukizi na wanaokufa pasipo lazima. Wote wameinukuu sawasawa. Idadi haiwezi kuamua ni nani wa kuhesabiwa, kwa kuwa hilo ndilo wanalobishania. Anayeingia kwenye mazungumzo na takwimu mkononi akidhani zitamaliza kazi hushangaa kuona mwenzake anazikubali zote na hasogei hata hatua moja.

Hata hivyo, yule msikilizaji aliyenyamaza ndiye anayenifanya nitofautiane na wanaokataa mazungumzo. Kunyamaza hakumkingi, maana suala hili husemwa kila siku, na sehemu kubwa ya yanayosemwa ni matusi na hukumu za haraka. Mazungumzo ya taratibu kati ya wawili wanaopingana huenda ndiyo mahali pekee atakapolisikia likisemwa na mtu anayejali kwamba yeye yupo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Massachusetts, Marekani. Tarehe 30 Desemba 1994 mtu mwenye bunduki alishambulia kliniki mbili za utoaji mimba huko Brookline, akaua wanawake wawili waliokuwa mapokezi na kujeruhi watu wengine watano. Mwaka uliofuata, viongozi sita wanawake, watatu kutoka kila upande, walianza kukutana kwa siri, wakiongozwa na wasuluhishi wawili, Laura Chasin na Susan Podziba. Walikubaliana kukutana mara nne tu. Wakaendelea kwa zaidi ya miaka mitano, kwa jumla ya saa zaidi ya 150, hadi walipojitokeza hadharani Januari 2001.

Walipojitokeza hakuna aliyekuwa amebadili msimamo. Walisema wenyewe kwamba imani zao zilikuwa zimekomaa na kuwa thabiti zaidi. Hapa ndipo wengi huifunga habari hii na kusema kazi bure. Naona wanakosea kipimo. Kilichobadilika ni namna walivyosema juu ya wenzao hadharani, na wakawa na njia ya kupigiana simu. Ilifika siku viongozi wa upande unaopinga utoaji mimba walimtahadharisha mmoja wa upande wa pili kwamba huenda kuna hatari ya kushambuliwa. Simu ya namna hiyo haipigwi kwa mtu uliyezoea kumwita muuaji. Wala aliyeipiga hakulegeza imani yake hata kidogo.

Kilichowasumbua tangu mwanzo kilikuwa maneno. Walitumia muda mrefu kubishana waite nini kilichomo tumboni, wakaangukia neno linalolingana na “kijusi cha binadamu” ambalo hakuna aliyelipenda. Kwa Kiswahili kazi ni ileile. Ukisema “mtoto”, hukumu imeshatoka kabla hoja haijaanza. Ukisema “kijusi”, au “kiinitete” kwa zile wiki za mwanzo, mwenzako anasikia lugha ya hospitali inayoficha mtu. Ukisema “mimba”, unataja hali ya mama, na swali la nani mwingine yupo limezimwa kimyakimya. Hakuna neno lisilo na upande. Kinachosaidia ni kumuuliza mwenzako anatumia lipi na kwa nini, kumwacha alitumie, nawe kutumia lako bila kumsahihisha kila sentensi. Majina ya pande nayo ni hivyohivyo: mwite mtu kwa jina alilojichagulia.

Baada ya maneno huja hesabu ya wiki, ambayo huvuruga mazungumzo bila mtu kujua. Umri wa mimba huhesabiwa kitabibu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na utungaji hutokea takriban wiki mbili baadaye. “Wiki ya 6” kwa daktari ni kama wiki 4 tangu kutungwa, na kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 ni wiki mbili tu tangu akose hedhi. Ndipo mapigo ya moyo yanapoanza kuonekana kwa ultrasaundi, wakati kiinitete kina urefu wa milimita chache. Uwezekano wa kuishi nje ya tumbo la mama huja karibu na wiki ya 24, kutegemea huduma iliyopo. Watu wawili wanaweza kuzozana saa nzima, mmoja akifikiria wiki ya 6 na mwingine wiki ya 24. Vilevile huchanganywa mimba iliyoharibika yenyewe, au iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na ile iliyotolewa kwa hiari. Ni vizuri kuulizana mapema: tunazungumzia hali gani, na wiki ya ngapi?

Kisha yako maswali yanayosukwa pamoja kana kwamba ni moja. Kilichomo tumboni kina hadhi gani? Hata kikiwa na hadhi kamili, mtu analazimika kukibeba kwa mwili wake? Sheria iadhibu, na imwadhibu nani? Anayejikuta katika hali hiyo atendewe vipi? Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba kutoa mimba ni dhambi na bado asitake mwanamke afungwe jela. Mwingine anaweza kutetea haki ya kuamua na bado akasikitika kila inapotokea. Mwaka 1971 mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson alikubali, kwa ajili ya hoja, kwamba kijusi ni mtu kamili, kisha akajenga utetezi wake juu ya swali la pili. Mwaka 1989 mwanafalsafa mwingine, Don Marquis, alipinga utoaji mimba bila kutegemea dini, kwa hoja kwamba unakiondolea kijusi mustakabali wenye thamani kama wetu. Ukimwona kila mtetezi kuwa anakana uhai, au kila mpinzani kuwa anakariri mahubiri, utakuwa unajibu hoja ambazo aliyekaa mbele yako hajazitoa.

Njia inayofanya kazi ni ya polepole. Muulize amefikaje hapo alipo, usimkatize. Rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka aseme “ndiyo, hivyo hasa”, na akisema bado, rudia tena. Uliza ni wapi yeye mwenyewe ana mashaka, na utaje yako kwanza ili asidhani ni mtego. Mambo huharibika zaidi hapa: mtu anarudia hoja ya mwenzake kwa sauti ya dhihaka, au anataja kisa cha kutisha kuliko vyote, na mazungumzo hugeuka mashindano ya visa.

Utafiti nao haukosi la kusema, ingawa haukuhusu utoaji mimba. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walionyesha huko Miami kwamba mazungumzo ya dakika kama 10 mlangoni yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na athari ikadumu angalau miezi 3. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kubadilishana visa vya maisha bila kuhukumiana kulikuwa nguzo ya jambo lenyewe. Palipobaki hoja tupu, athari haikuonekana. Walipima mabadiliko ya mtazamo, nami nisingependa mtu achukue mbinu hiyo kama chambo cha kumnasa mwenzake, kwani ndicho hasa wanachokihofia wenye hoja ya tatu.

Wanaokataa wako sahihi kabisa mahali pamoja. Mwanamke aliye na mimba sasa hivi, anayehesabu siku na hajui la kufanya, hapaswi kufanywa uwanja wa mazungumzo haya, hata kama yanaendeshwa kwa adabu kiasi gani. Aliyeanza kulia au kujibu kwa neno mojamoja naye asiulizwe kwa nini. Hapo ajenda inafungwa, kwani anachohitaji ni mhudumu wa afya, taarifa sahihi za mahali alipo, na mtu wa kukaa naye asiyemtaka akubaliane na lolote.