Gari linanunuliwa leo, akili yake inaahidiwa kesho

Oktoba 2016 Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilitangaza kwamba kila gari litakalotoka kiwandani kuanzia hapo lina vifaa vyote vya kulifanya lijiendeshe lenyewe: kamera 8, rada, vihisi 12 vya mawimbi ya sauti na kompyuta ya Nvidia. Kilichobaki, wanunuzi waliambiwa, ni programu tu. Januari 2025 mkuu wake, Elon Musk, akizungumza na wawekezaji, alikiri kwamba hata kompyuta ya kizazi cha tatu, iliyoanza kufungwa 2019 ili kuchukua nafasi ya ile ya awali, itabidi ing'olewe na kubadilishwa kwa wale waliolipia huduma ya kujiendesha. Katikati hapo ni zaidi ya miaka minane. Kuna watu walionunua gari, wakalitumia hadi likachoka, wakaliuza, na ile programu hawakuwahi kuiona ikifanya kazi kama ilivyonadiwa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kila kizazi kipya kinaponukia, swali lile lile hurudi kwa wanaotaka gari la umeme: ninunue sasa au nisubiri? Safari hii kinachosubiriwa ni AI5, chipu ya kompyuta ya gari ambayo Tesla imesema itatengenezwa na Samsung na TSMC. Shauku hiyo naielewa vizuri. Mimi ni mmoja wa wale ambao wakiona picha ya bodi ya kompyuta ya gari huikuza mpaka wahesabu soketi zake.

Na wanaosubiri wana hoja nzito. Kamera za kizazi cha tatu zilikuwa za megapikseli 1.2, za kizazi cha nne, kilichoanza kuuzwa 2023, ni za megapikseli 5 hivi. Tofauti hiyo si ya urembo. Mtu anayevuka barabara mbali mbele ya gari, katika picha ya kamera ya zamani ni vidoa vichache tu, na hakuna programu, iandikwe kwa ustadi wowote, itakayosoma kisichokuwepo kwenye picha. Kompyuta nayo ina yake. Chipu mbili za kizazi cha tatu hufanya kwa pamoja hesabu trilioni 144 kwa sekunde, na 2019 hilo lilitosha kuwashangaza watu. Kisha Tesla ikabadili mtindo wa kazi: badala ya wahandisi kuandika kanuni moja moja za nini kifanyike wapi, mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ukafunzwa kwa video nyingi mno za watu wakiendesha, ukawa unapokea picha upande mmoja na kutoa amri za usukani na breki upande wa pili. Mitandao ya namna hiyo hunenepa kila toleo. Mwishoni mwa 2024 magari ya kizazi cha nne yakapata toleo la 13 la programu. Ya kizazi cha tatu yakabaki kwenye la 12. Betri nzima, mota nzima, viti havijachanika, lakini kompyuta imeshaishiwa. Wala huwezi kuchomoa ya kizazi cha nne ukaipachika palipokuwa ya tatu, maana umbo lake na umeme inaohitaji ni tofauti.

Kwa hiyo ni kweli kwamba vifaa ndivyo vinavyoamua programu itaishia wapi. Ila gari kuwa na nafasi ya kufika mbali si sawa na kufika.

Tazama kilichotokea Austin, Texas, Juni 2025. Tesla ilianza kubeba abiria kwa magari ya Model Y yasiyo na mtu nyuma ya usukani, yakiwa na kompyuta ile ile ya kizazi cha nne iliyomo kwenye Model Y za watu binafsi. Mwenye gari binafsi bado anatakiwa akodolee macho barabara muda wote, na jina la huduma yenyewe lina neno la kukumbusha kwamba lazima isimamiwe. Chipu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba Austin magari yalizungushiwa mpaka wa mitaa fulani, na mfanyakazi wa kampuni alikaa kiti cha abiria akiwa tayari kulisimamisha. Anayedhani atapata gari la kulala usingizi kwa kusubiri chipu yenye kasi zaidi anaangalia sehemu moja tu ya mtambo.

Mabishano makali zaidi ni ya vihisi. Upande mmoja wako Waymo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, ambao gari lao la kizazi cha sita lina kamera 13, rada 6 na laida 4, yaani vihisi vinavyopima umbali kwa miale ya leza. Hawa wanabeba abiria bila dereva, hivyo hoja yao iko barabarani na si kwenye karatasi. Upande wa pili iko Tesla, iliyoanza kuondoa rada 2021 na vihisi vya sauti 2022, ikisema binadamu huendesha kwa macho. Hoja hiyo si ya kipuuzi kama wapinzani wake wanavyoichora. Rada inaposema kuna kizuizi na kamera inasema ni daraja tu linalopita juu, gari limsikilize nani? Lakini Februari 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi baada ya kupokea malalamiko 354 ya magari ya Tesla ya 2021 na 2022 kukanyaga breki ghafla bila sababu. Kuondoa shahidi mmoja hakukumaliza kesi.

Zamani bei ndiyo iliyokuwa kisingizio kikubwa. Laida ya juu ya paa iliwahi kuuzwa dola 75,000 hivi. Sasa kampuni ya Hesai ya China inatengeneza za chini ya dola 200. Kwa bei hiyo mimi ningependa gari lenye njia ya pili ya kuona, hasa usiku na jua linapopiga usoni. Hata hivyo China kwenyewe kampuni ya magari ya Xpeng, iliyotoa gari lenye laida 2021, iliiacha kwenye gari lake la P7+ la 2024. Wenye fedha na wahandisi hawajakubaliana, na mnunuzi asijione mjinga akishindwa kuamua.

Tena vifaa vingi navyo vinaweza kuwa mbuzi kwenye gunia. Volvo EX90 ilianza kuwafikia wateja 2024 ikiwa na laida iliyotuna juu ya kioo cha mbele, ambayo mwanzoni haikuwa ikimsaidia dereva kwa lolote. Baadaye Volvo ikawaahidi wenye magari hayo kompyuta mpya bure, jambo la kuungwa mkono. Kisha mwishoni mwa 2025 ikaamua kuacha kufunga laida kabisa. Waliotangulia wamebaki na nundu.

Ndiyo maana nadhani swali la kumuuliza muuzaji si chipu ina kasi gani. Ni haya: leo hii gari linafanya nini, na likigonga wakati linajiendesha, nani analipa? Ahadi ya programu huuzwa kwa fedha halisi. Huduma ya kujiendesha ya Tesla ilifika dola 15,000 mwaka 2022, ikashushwa hadi 8,000 mwaka 2024. Aliyelipa kwa mwezi aliweza kuacha, aliyelipa yote alibaki akisubiri. Nikibanwa nichague, ningenunua gari lililopo kwa kazi linayofanya siku ninayokabidhiwa ufunguo, nisitoe hata senti kwa ajili ya kesho yake, na ahadi yoyote ya kubadilishiwa kompyuta niitake kwa maandishi.

Mercedes walipoanza kuuza mfumo wao wa kujiendesha wa ngazi ya tatu Ujerumani 2022, kwenye S-Class na kwenye EQS ya umeme, ulifanya kazi kwenye barabara kuu tu, kwenye msongamano, kwa kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa. Wapenzi wa teknolojia waliucheka. Lakini ndani ya kilomita hizo 60, dereva aliruhusiwa kuondoa macho barabarani, na kampuni ilikubali kubeba dhima mfumo wake ukikosea.