Namwamini Mungu, lakini sifuati ufunuo

Juzi nilikuwa mapokezi hospitalini, hapa Uingereza. Dada wa zamu akaniuliza, "Dini?" Nikamjibu, "Namwamini Mungu mmoja, ila sifuati ufunuo wowote." Akaandika "Hana" bila kuinua macho, akahamia swali la mzio wa dawa.

Nilifurahi, halafu nikaudhika. Sina vipi, na nimetoka kumwambia ninaamini?

Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema nyumbani. Mama mdogo aliweka kikombe chini taratibu, akanitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Wazungu wamekuharibu, mwanangu."

Najua wengi wenu mtasema vivyo hivyo. Lakini nilianza kuwaza haya kabla sijapanda ndege, nikitazama nyota na kujiambia kwamba utaratibu huu una mwenyewe. Huku nimekuta jina la imani hii tu: udeisti, yaani kumwamini Mungu kwa akili bila kufuata ufunuo. Mwandishi Thomas Paine, mzaliwa wa Thetford hapa Uingereza, alisema katika kitabu chake The Age of Reason, kilichotoka mwaka 1794, kwamba ufunuo ni ufunuo kwa yule aliyefunuliwa. Sisi wengine tunapokea habari ya kusikia. Hoja hiyo nimeigeuza kila upande, sijaona pa kuivunja. Na Paine hakumkana Mungu. Kitabu chenyewe alikiandika akihofia Wafaransa wanakimbilia kumkana.

Tena msiseme naringia uhuru wa watu. Mchapishaji Richard Carlile alihukumiwa kifungo mwaka 1819, hapa hapa Uingereza, kwa kukichapisha kitabu hicho. Sheria ya kukufuru imekuja kufutwa 2008, juzi tu. Hawakuzaliwa wavumilivu hawa! Ndiyo maana sikubali nikiambiwa kwamba sisi hatuwezi kuvumiliana.

Kinachonichosha nyumbani ni kunyamazishwa. Unauliza swali moja la akili, unaombewa. Mungu aliyetupa akili atachukizwaje tukiitumia kumtafuta? Lakini huku nako nina upweke wangu: nimefanya kazi miaka na watu wema kabisa, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua ninaamini nini.

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu. Baada ya salamu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo Mungu wako asiye na kitabu, ukiumwa unamwambiaje?"

Tulizungumza mpaka salio lake likaisha. Nikampigia mimi, tukaendelea.