Katuni za watu wazima mbele ya mwendesha mashtaka

Mnamo Septemba 2008, waendesha mashtaka wa wilaya ya Basmanny jijini Moscow walitangaza kwamba sehemu moja ya katuni ya Kimarekani ya South Park, iliyorushwa Januari mwaka huo na kituo cha televisheni cha 2x2, ilikuwa na dalili za msimamo mkali. Malalamiko yalitoka kwa umoja wa makanisa ya Kipentekoste ya Urusi. Sehemu hiyo ni mfululizo wa nyimbo za Krismasi, na ndani yake Yesu anaimba pamoja na Baba Krismasi, huku Hitler akiimba akiwa jehanamu. Mkristo anayeumizwa na picha kama hizo haumii kwa kujifanya, na yeyote anayetetea uhuru wa wasanii hana budi kulikubali hilo kwanza.

Hata hivyo, kuumia ni jambo moja na kuiita dola ije kumwadhibu aliyekuumiza ni jambo jingine. Sheria ya Urusi ya mwaka 2002 dhidi ya msimamo mkali inagusa, pamoja na mambo mengine, uchochezi wa chuki za kidini, yaani kuwashawishi watu wawachukie wenzao kwa sababu ya imani yao. Katuni inayofanya mzaha na mambo matakatifu inaweza kuwa ya kifedhuli, lakini haimwambii mtazamaji amdhuru mtu. Hatari yenyewe haikuwa ndogo: leseni ya 2x2 ilikuwa inaisha Oktoba, hivyo shauri la sehemu moja liligeuka kuwa shauri la uhai wa kituo kizima. Watazamaji walijitokeza kukitetea, na mwishowe leseni ikaongezwa muda.

Hoja iliyo nzito zaidi kwa upande wa wanaotaka udhibiti haimo katika South Park. Mapema mwaka huohuo mamlaka ya utangazaji ilikuwa imekionya kituo hicho kuhusu katuni nyingine, Happy Tree Friends. Anayeitazama kwa dakika moja ya kwanza ataona sungura wa manjano mwenye mashavu mekundu, muziki wa kitoto na majina yaliyoandikwa kama ya kitabu cha hadithi za kulalia. Dakika inayofuata, sungura huyo anakatwakatwa na damu inatapakaa kila mahali. Mzazi aliyepita sebuleni akasikia muziki ule hana sababu ya kushtuka. Jibu la kwamba hiyo ni sanaa ya watu wazima halimsaidii mzazi huyu, kwa maana hakuna kilichomwambia hivyo. Hapa naona walalamikaji walikuwa na haki kamili ya kudai alama ya umri na saa maalumu ya kurushwa.

Na dawa hiyo ilikuja. Kuanzia Septemba 2012, sheria ya Urusi ya kuwalinda watoto dhidi ya maudhui yenye madhara ilianza kutumika, na vipindi vikapewa alama kuanzia 0+ hadi 18+. Kama mambo yangeishia hapo, ningeutaja mfano huo kwa sifa. Lakini mwaka 2013 sheria hiyohiyo iliongezewa marufuku ya kueneza kwa watoto habari za mahusiano “yasiyo ya kijadi”, yaani hasa ya watu wa jinsia moja, na Desemba 2022 marufuku hiyo ikapanuliwa hadi kwa watu wa umri wowote. Kilichoanza kama ulinzi wa mtoto wa miaka sita sasa kinamwamulia mtu wa miaka hamsini. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba wanaopinga kampeni hizi za udhibiti wanakuza mambo bila sababu.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, ingawa ulihusu katuni za watoto. Juni 2017 bodi ya kuainisha filamu ya Kenya iliagiza katuni sita ziondolewe hewani kwa madai kwamba zinaeneza ushoga. Mojawapo ni The Loud House, ambamo rafiki wa mhusika mkuu ana baba wawili. Nchi ina haki ya kujadili watoto wake waone nini. Ila lalamiko hilo halikuwa la damu wala matusi, bali la kuwapo kwa familia ya namna fulani katika hadithi, na ukiliweka kapu moja na lalamiko la ukatili, mzazi aliyetaka tu onyo la umri anajikuta ameunga mkono jambo pana kuliko alilokusudia.

Kanuni za utangazaji za Kenya zinautambua muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda wa familia, na huo ni msingi mzuri. Udhaifu wake ni simu, ambayo haijui saa nne wala alfajiri. Hapo ndipo nguvu za wanaharakati wa maadili zinahitajika kuliko mahakamani: kuzidai kampuni za video ziweke namba ya siri kwenye maudhui ya 18+, ziandike maelezo ya umri kwa lugha anayoisoma mzazi, na zisiruhusu katuni ya damu ijicheze yenyewe baada ya wimbo wa chekechea.