Mtoto wa mgongo wazi asirudishwe nyumbani

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, rufaa iandikwe siku hiyo hiyo. Sio mpaka kitovu kidondoke, sio "mlete akishaongeza kilo", maana hii ya kuongeza kilo nimeisikia mpaka nimechoka, mama anarudishwa kijijini na kichanga chenye kidonda mgongoni halafu anapokuja kufika kwa daktari bingwa kidonda kina usaha, homa ya uti wa mgongo imeshaingia na kichwa kimeanza kukua. Halafu watu wanasema wazazi wa kijijini wanachelewa! Wakati kituoni alifika siku ya kwanza kabisa.

Kuutambua huu ugonjwa wala hauhitaji mashine kubwa. Uvimbe laini kiunoni, au sehemu haina ngozi kabisa, utando mwembamba tu na ndani yake ndo kuna mishipa ya fahamu. Mkunga wa zahanati anaweza kufanya mengi na anachohitaji anacho hapo hapo: gozi safi iliyolowana maji ya dripu ya chumvi, juu yake plastiki safi isikauke, mtoto alale kifudifudi au ubavu, aanzishiwe antibaotiki, aangaliwe kama miguu inacheza, apimwe mzunguko wa kichwa kwa futi kamba na uandikwe kwenye kadi. Tafadhali hakuna kupaka GV (ile dawa ya zambarau), hakuna spiriti. Kinachotakiwa ni kidonda kufungwa ndani ya siku mbili tatu, na MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, hiyo kazi wanaifanya, Bugando Mwanza pia.

Kichwa nacho kifuatiliwe, maana wengi wa hawa watoto wanapata kichwa kikubwa hata baada ya mgongo kushonwa, utosi unajaa, macho yanaangalia chini, hapo ultrasaundi ya utosini inaonyesha maji. Zamani jibu lilikuwa shanti tu, yaani mrija wa kutoa maji kichwani kuyapeleka tumboni, na shanti ikiziba usiku na wewe uko mbali na mjini ni hatari kubwa. Ndo maana namheshimu sana Dkt. Benjamin Warf, ambaye miaka ya 2000 mwanzoni pale Mbale, Uganda, alianza kuwatibu watoto kwa kamera ndogo inayotoboa njia ya maji ndani ya ubongo, wengi wao hawakuhitaji shanti tena. Hapo hapo Mbale jamani, jirani zetu.

Ila kinachoniuma zaidi ni mkojo. Mtoto amefanyiwa operesheni, kidonda kimepona vizuri, familia inashukuru Mungu, wanaruhusiwa, na hakuna mtu amekaa na mama kumfundisha kupitisha katheta safi (mrija mwembamba wa kutolea mkojo) kila baada ya masaa matatu manne. Mishipa ya fahamu ya kibofu nayo imeathirika, kibofu hakimalizi mkojo, unarudi juu, na figo zinaharibika kimya kimya miaka inavyokwenda. Yaani tumemuokoa mgongo tukamuacha na figo. Mimi naona mama asiruhusiwe kutoka wodini kabla hajaiweka hiyo katheta mwenyewe kwa mikono yake nesi akiangalia, na baba afundishwe pia kama yupo (wengi wanaondoka, na ndugu wa mume wanasema ni laana, mama anabaki peke yake).

Na laana sio. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hata hawajajua ni wajawazito, kwahiyo foliki asidi, vitamini inayosaidia mfereji huo ufunge, inayotolewa kliniki mwezi wa nne inakuwa imechelewa kwa hili. Tanzania tulianza kulazimisha viwanda kuongeza virutubisho, foliki ikiwemo, kwenye unga tangu 2011, sawa, lakini unga wa mashine ya mtaani haumo humo.

Huyu mama sasa, mimba ijayo hatari yake iko juu kuliko wengine. Utafiti wa Uingereza wa 1991 ulionyesha kwa akina mama kama yeye miligramu 4 za foliki kwa siku, kuanzia kabla ya kushika mimba, zilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Hiyo ni mara kumi ya dozi ya kawaida. Iandikwe kwenye karatasi yake ya ruhusa, aelezwe kabla hajapanda basi.