Viwanja vimejaa, lakini vimejaa akina nani?

Bei za tiketi zikianza kujadiliwa katika soka la Uingereza, klabu huwa na jibu moja fupi: viwanja vimejaa. Anayelalamika kwamba paundi 60 ni nyingi huonyeshwa majukwaa yasiyo na kiti kitupu na foleni ndefu ya wanaosubiri tiketi ya msimu. Kama bei ni mbaya, mbona watu wanakuja? Vyama vya mashabiki navyo vina jibu lao lililozoeleka: mchezo ulikuwa wa wavuja jasho, matajiri wakaupora. Kila upande una ukweli wake, na kila upande unaacha kipande cha historia kisichoufaa.

Tuanze na idadi. Msimu wa 1948/49 mechi za ligi zilihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 41, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Vita vilikuwa vimekwisha, kazi zilikuwapo, televisheni ilikuwa bado haijaingia nyumba nyingi, na Jumamosi mchana haikuwa na mengi ya kushindana na mpira. Kiingilio cha chini kilikuwa shilingi moja na peni tatu, enzi ambazo paundi moja ilikuwa na shilingi 20. Mfanyakazi wa kiwandani aliyepata takribani paundi 7 kwa wiki alitoa chini ya asilimia 1 ya mshahara huo, akaingia, akasimama. Kufikia msimu wa 1985/86 mahudhurio yalikuwa yameporomoka hadi kama milioni 16.5.

Hapo hoja kwamba bei ndiyo inayowafukuza watu inakwama. Katikati ya miaka ya 1980 tiketi bado zilikuwa rahisi, na watu walikimbia vilevile. Walikimbia ghasia za wahuni, vyoo visivyoingilika na majukwaa yaliyochakaa. Mwaka 1985 peke yake ulitosha kumkatisha tamaa mtu yeyote: Mei 11 moto uliteketeza jukwaa la Bradford na kuua watu 56, na siku 18 baadaye watu 39 wakafa katika uwanja wa Heysel, Brussels, kabla ya fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool na Juventus. Unafuu wa kiingilio hauna maana kwa mtu asiye na uhakika wa kurudi nyumbani salama.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosifu zama za kale hulipita kimya. Kiingilio kile kilikuwa kimepangwa na ligi yenyewe, na ilichokipanga ni kiwango cha chini. Tangu 1890, kilipowekwa peni sita, lengo lilikuwa kuhakikisha hakuna klabu inayouza rahisi mno na kuziharibia biashara nyingine. Maskini wa mwisho kabisa hakuwa amekaribishwa hata wakati huo. Aliyekaribishwa ni mfanyakazi mwenye ujira wa uhakika, na kwa sababu wafanyakazi wa aina hiyo walikuwa wengi, uwanja ulionekana kuwa wa kila mtu.

Badiliko kubwa lilianza na maafa. Aprili 15, 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa nyuma ya uzio hadi kufa. Idadi ya waliopoteza maisha leo inahesabiwa kuwa 97. Ripoti ya mwisho ya Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza maafa hayo, iliyotoka Januari 1990, ilitaka viwanja vikubwa viwe vya kukaa tu. Klabu zililipokea pendekezo hilo. Jingine zikaliacha mezani. Taylor alitahadharisha kwamba viti visiwe sababu ya kumpandishia bei mtu aliyezoea kusimama, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, ambako kiti kiliuzwa paundi 6 na nafasi ya kusimama paundi 4. Naona ni moja ya ripoti zilizotekelezwa nusu kwa ustadi mkubwa.

Msimu wa 1989/90 mtu aliingia Old Trafford, uwanja wa Manchester United, kwa paundi 3.50. Mwaka 2011 tiketi ya chini kabisa pale ilikuwa paundi 28. Ni ongezeko la mara nane, katika kipindi ambacho bei za bidhaa kwa jumla hazikufika hata mara mbili. Halafu linakuja fumbo linalowapa klabu kiburi: katika miaka hiyohiyo wastani wa watazamaji kwa mechi ya Ligi Kuu ulipanda kutoka takribani 21,000 msimu wa kwanza, 1992/93, hadi kupita 34,000. Siku hizi unapita 38,000. Tiketi zilipokuwa rahisi viwanja vilikauka, zilipokuwa ghali vikajaa.

Utetezi wa klabu haustahili kubezwa. Wanawake na watoto waliokuwa wakikaa mbali na viwanja vya miaka ya 1980 sasa wanaingia bila hofu, na hilo limegharimu fedha. Arsenal waliacha uwanja wa Highbury wenye watu 38,000 mwaka 2006 wakahamia kwenye viti 60,000 vilivyojengwa kwa mkopo. Tottenham walifuata mwaka 2019 na uwanja wa gharama ya takribani paundi bilioni moja. Hizo ni nafasi zaidi ya elfu arobaini ambazo London haikuwa nazo. Wachezaji nao, ambao hadi 1961 kanuni ilizuia kuwalipa zaidi ya paundi 20 kwa wiki, hawarudi tena kwenye mishahara ile. Na zipo kanuni za matumizi zinazoifunga klabu kutumia kulingana na inachoingiza, hivyo fedha za mlangoni zikipungua, uwezo wa kusajili unapungua pia.

Hoja yao nzito zaidi ni ya walanguzi. Kitu kinachotakiwa na watu wengi kikiuzwa chini ya thamani yake sokoni, tofauti haipotei, inaingia mfuko wa mtu wa kati. Uingereza ilikwisha kufanya uuzaji wa tiketi za soka bila idhini kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1994, lakini ulanguzi haujafa. Sioni namna mtu anayedai tiketi za bei ya chini anavyoweza kuikwepa hoja hii bila kueleza atazilindaje.

Sasa tuipime hesabu yenyewe. Mapato ya siku ya mechi, yaani tiketi, vyumba vya wageni maalumu na vinavyouzwa uwanjani, ni kama sehemu moja kati ya saba ya mapato yote ya klabu za Ligi Kuu. Mkataba wa televisheni wa ndani pekee kwa misimu mitatu, 2016 hadi 2019, ulikuwa paundi bilioni 5.1. Arsenal na Tottenham huvuna zaidi ya paundi milioni 100 kwa mwaka katika siku za mechi, na kwao kupunguza bei ni uamuzi mzito. Kwa klabu ndogo ya Ligi Kuu, fedha za mlangoni ni ziada tu juu ya za televisheni. Ingeweza kushusha viingilio kwa theluthi na pengo likafanana na bei ya mchezaji mmoja wa akiba. Hali ni tofauti katika madaraja ya chini, ambako mlango bado ndio unaolipa mishahara, na ajabu ni kwamba huko ndiko bei huwa za kiungwana zaidi.

Televisheni pia inanunua umati. Juni 2020 ligi iliporejea katika viwanja vitupu kwa sababu ya korona, mipira ilikuwa ileile na wachezaji walewale, lakini watangazaji walilazimika kuweka kelele za mashabiki za kutengeneza. Shabiki anayeimba ni sehemu ya bidhaa inayouzwa dunia nzima, na anatozwa ili ashiriki kuitengeneza.

Mashabiki wenyewe wamewahi kuonyesha kikomo chao. Januari 2013 Manchester City walirudisha kwa Arsenal tiketi 912 za wageni zilizokosa wanunuzi, kila moja paundi 62. Februari 6, 2016, watu kama 10,000 walisimama na kutoka Anfield, uwanja wa Liverpool, dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland, kupinga mpango wa tiketi ya paundi 77. Liverpool walikuwa mbele 2-0; mechi ikaisha 2-2, na ndani ya wiki moja wamiliki wakaomba radhi na kuufuta mpango. Siku tatu baada ya tukio la Anfield, nchini Ujerumani mashabiki wa Dortmund waliokuwa wageni wa Stuttgart walirusha mipira ya tenisi uwanjani kwa malalamiko yaleyale.

Ujerumani hutajwa kama pepo ya shabiki. Kanuni ya 50+1 inawapa wanachama kura nyingi katika klabu, na jukwaa la kusini la Dortmund linabeba watu wapatao 25,000 waliosimama kwa bei ambayo London haipatikani. Waingereza wengine huona heri wapande ndege kwenda huko. Ila pepo hiyo nayo ina mlango mwembamba. Tiketi za msimu zinashikiliwa na walewale mwaka baada ya mwaka, na kijana asiye na ndugu au rafiki mwenye kadi hubaki nje vilevile. Bei ya juu huchuja kwa pesa, bei ya chini huchuja kwa foleni na kujuana. Kwa mizani yangu foleni ni haki zaidi, kwa sababu muda wa kusubiri hauangalii mshahara, lakini asidai mtu kwamba imewafungulia wote.

Kwa hiyo takwimu za mahudhurio haziwezi kumaliza ubishi huu, maana hazihesabu kinachobishaniwa. Bei haikuamua ni watu wangapi wataingia. Iliamua ni akina nani. Ndiyo maana naona kilichofanyika mwaka 2024 ni kibaya kuliko ongezeko lolote la kawaida. West Ham walipunguza maeneo yenye punguzo kwa vijana na wazee. Manchester United, katikati ya msimu, waliziuza tiketi zilizobaki kwa wanachama kwa paundi 66 bila punguzo la mtoto wala mstaafu. Mwaka huo mfanyakazi wa kawaida mwenye ajira ya muda wote alipata takribani paundi 728 kwa wiki kabla ya makato. Tiketi moja inachukua asilimia 9 ya hizo. Akija na mtoto, asilimia 18. Na West Ham haohao, walipohamia uwanja mpya mwaka 2016, waliuza tiketi za msimu kuanzia paundi 289, kama paundi 15 kwa mechi, kwa hiyo inawezekana pale klabu inapotaka kujaza.

Mtalii anayekuja mara moja, akalipa bei kamili na kununua jezi, ana faida kubwa kwa mechi hiyo kuliko mzee wa mtaani mwenye kadi ya miaka 30. Mhasibu hakosei akisema hivyo. Anachokosa katika daftari lake ni safu ya mtoto wa miaka kumi, ambaye hajalipa chochote cha maana leo lakini ndiye atakayejaza kiti mwaka 2050, au hatakijaza.

Mfano wa kinachowezekana upo ndani ya ligi yenyewe. Tangu msimu wa 2016/17 klabu zilikubaliana kwamba shabiki mgeni asitozwe zaidi ya paundi 30, na makubaliano hayo yameongezwa muda mara kadhaa. Hakuna iliyofilisika. Lakini wageni kwa kawaida hawazidi 3,000 kwa mechi. Kwa mwenyeji, ambako fedha nyingi ziko, hakuna kikomo chochote, si cha bei wala cha viti vilivyotengwa kwa vijana. Kubadili kanuni kunahitaji kura 14 kati ya 20, na klabu zinazoongeza majukwaa kwa mikopo hazina haraka ya kunyoosha mkono.